Maji Yasiyopwa: Uhakiki wa Lugha ya Kupanda kwa Bahari, Ukisomwa Kutoka Dagahaley

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuhakiki lugha tunayoitumia tunapoeleza kwamba bahari inapanda na kwamba maskini wa pwani wanapoteza riziki zao. Hoja yetu ni kwamba Kiswahili cha taarifa za serikali na za mashirika kimeliundia jambo hili istilahi ambazo ndani yake hamna mtu: hamna aliyetenda, wala hamna aliyetendewa. Hali Kiswahili chenyewe, kwa sarufi yake na kwa msamiati wa mabaharia na wavuvi wake, kina njia ya siku nyingi ya kumweka aliyepatwa mbele ya sentensi. Kasoro hii haihusu umbuji peke yake. Mtu asiye na jina katika lugha ya taarifa huwa hana nafasi katika sheria, na asiye na nafasi katika sheria huwa hana fungu katika mgao.

Huenda msomaji akauliza kwa nini uhakiki wa lugha ya bahari usomwe kutoka Dagahaley, mahali palipo kilomita zisizopungua 200 kutoka baharini. Jibu ni kwamba Dagahaley ni mahali ambapo matokeo ya kupewa au kunyimwa jina yanaonekana wazi kuliko popote katika Afrika Mashariki. Pwani bado inajadili watu wanaohamishwa na maji waitweje. Dagahaley imeishi na jawabu la swali la namna hiyo kwa zaidi ya miaka 30.

Dagahaley: penye mawe

Jina Dagahaley ni la Kisomali, na maana yake ni mahali penye mawe. Kambi hii ni mojawapo ya kambi tatu za mwanzo za Dadaab, katika Garissa, zilizofunguliwa 1991 na 1992 baada ya serikali ya Somalia kuanguka. Nyingine ni Ifo na Hagadera. Zote tatu zilikusudiwa watu 90,000. Katika mwaka wa 2011, ukame na vita vilipokutana na Umoja wa Mataifa ukatangaza njaa kusini mwa Somalia, idadi ya watu wa Dadaab ilipita 450,000.

Wengi wa watu hao walikuwa wafugaji na wakulima wa bara. Lakini vita vya 1991 viliwang'oa pia watu wa bahari: Wabarawa, wasemao Chimiini, na Wabajuni wa Kismayu na visiwa vyake, wasemao Kibajuni. Wahakiki wa lahaja wanajua kwamba hizi ni ndimi za kaskazini kabisa katika ukoo wa Kiswahili. Wabarawa na Wabajuni wengi walipata hifadhi kwanza katika kambi za pwani ya Kenya, kama Utange karibu na Mombasa. Kambi hizo zilipofungwa katika miaka ya 1990, baadhi ya waliosalia walihamishiwa Kakuma na Dadaab. Hivyo maneno ya mishipi, nyavu na matanga yakafika penye mawe, pasipo na maji ya kuyatumia.

Garissa yenyewe, tena, haiko mbali na bahari kama ramani inavyodai. Mto Tana unapita kando ya mji huo kabla ya kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Bahari iliko ndiko mito iendako, wasema wahenga. Na yanayoutokea mto huonekana mwishoni mwake. Mabwawa ya umeme yaliyojengwa juu ya Tana, tangu Kindaruma mwaka 1968 hadi Masinga mwaka 1981 na baadaye, yanazuia udongo ambao zamani ulifika mdomoni mwa mto. Bahari nayo inapanda. Wakulima wa mpunga wa Ozi, karibu na Kipini, wamebanwa kati ya mambo mawili hayo: mto usioleta udongo wa kutosha, na maji ya chumvi yanayopanda mto na kuingia mashambani. Upande wa bara wa mto huo huo, Garissa imejua mafuriko ya 1997 na 1998, ya 2023 na ya 2024. Na katika Novemba 2006 mafuriko yaliwatoa wakimbizi wa Dadaab katika vibanda vyao, hasa wale wa Ifo. Basi mkulima wa Ozi na mkimbizi wa Dagahaley hawako katika hadithi mbili. Wanatenganishwa na maneno tu.

Kina, usawa na tabianchi

Tutazame sasa maneno yenyewe. Taarifa nyingi za Kiswahili husema "kupanda kwa kina cha bahari". Nyingine husema "kuongezeka kwa usawa wa bahari". Sababu zote hizo huwekwa chini ya jina moja kubwa, "mabadiliko ya tabianchi".

Kwa nahodha, kina ni umbali wa kwenda chini. Hupimwa kwa bildi, yaani risasi iliyofungwa kamba, ikishushwa mpaka iguse mchanga. Kina huweza kuwa kirefu au kifupi, huweza kuongezeka au kupungua, lakini hakipandi. Anayesema kwamba kina kimepanda amemwambia mvuvi jambo ambalo mvuvi huyo atalitafutia maana na asiipate. Tena, anayeogopa bahari inayopanda haogopi kina. Chombo hupenda kina. Kinachoogopwa ni ukingo wa maji kusogea, ukikifuata kisima, ukilifuata kaburi, ukiufuata mnazi.

"Usawa wa bahari" nalo ni neno la darasani. Lilikuja na somo la jiografia ili kupimia milima: mlima fulani una mita kadha wa kadha juu ya usawa wa bahari. Ndani ya neno hilo bahari imesimama, haiendi popote, ndiyo maana ikafaa kuwa kipimo. Leo kipimo chenyewe kimeondoka mahali pake. Na kwa kuwa usawa ni pia haki baina ya watu, tunajikuta tukitangaza kwamba usawa unaongezeka pale pale ambapo mnyonge anazidi kupunjwa.

"Tabianchi" limeundwa kwa ustadi, nasi hatukusudii kulipinga. Lakini tuangalie viungo vyake: tabia, na nchi. Kwa Mswahili wa pwani, nchi ni kinyume cha bahari. Baharia hushuka nchi kavu. Neno lililokusudiwa kukusanya mabadiliko yote ya dunia limeiacha bahari nje ya mlango, na huyo baharia hawezi kujua kwamba ndiye anayesemwa.

Msamiati wa pwani, kwa upande mwingine, ni mpana na wa hakika. Una kujaa na kupwa. Una bamvua, maji yajaapo sana na kupwa sana wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Una maji mafu, yajaapo kidogo na kupwa kidogo. Una kusi na kaskazi, una mkondo, una fungu na mwamba. Neno pwani lenyewe limetokana na kupwa: ni mahali maji yanapopwa. Hapo ndipo wanawake waokotapo chaza na kuchokoa pweza, na hapo ndipo wanawake wa Paje na Jambiani walipopanda mwani tangu 1989. Riziki ya maskini wa pwani, yule asiye na mashine wala jahazi, imo katika ardhi ile ambayo bahari huiazima na kuirudisha mara mbili kwa siku.

Ni kweli kwamba bahari ingali ikijaa na kupwa. Kilichobadilika ni alama ya kujaa na alama ya kupwa, zote mbili. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, katika taarifa yake ya 2021, lilieleza kwamba bahari ya dunia ilipanda kiasi cha sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kwamba kati ya 2006 na 2018 ilipanda kwa milimita 3.7 kila mwaka. Milimita ni kitu kidogo ukutani. Katika pwani tambarare, maji yakipanda kidogo husogea ndani hatua nyingi. Bandu bandu huisha gogo. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, zamani kilikuwa na miti, na kasa walitaga humo. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha, na leo Maziwe ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa. Sababu zake ni zaidi ya moja, ukataji wa miti ukiwamo. Lakini mvuvi hahitaji istilahi mpya kueleza yaliyotokea. Atasema kwamba kilichokuwa kisiwa sasa ni fungu, naye atakuwa amesema yote.

Kauli ya kutendewa

Hapa tunafika kwenye kiini cha hoja yetu. Tofauti kubwa kati ya Kiswahili cha taarifa na Kiswahili cha pwani iko katika kauli za vitenzi zaidi ya msamiati.

"Kupanda kwa kina cha bahari" ni kitenzi kilichogeuzwa nomino. Mabadiliko ya namna hii huondoa nafsi. Hakuna ni-, hakuna tu-, hakuna wa-. Sentensi nzima inaweza kuendelea mpaka nukta bila ya kukutana na mwanadamu.

Kiswahili, hata hivyo, kina njia ya kuyaeleza matendo ya maumbile kwa kumfanya aliyepatwa kuwa kiima. Mvua hunyesha, lakini mtu hunyeshewa. Jua huchwa, lakini msafiri huchwelewa. Ndugu hufa, lakini aliyebaki hufiwa. Na maji hupwa, lakini nahodha hupwelewa, chombo chake kikabaki mchangani. Vitenzi hivi havina yambwa ya kawaida. Hakuna anayemfanyia mwenzake kitu. Lakini lugha imekataa kulichukulia tukio kuwa halina mwenyewe. Imesema: yupo mtu ambaye jambo hili limemfikia, naye ndiye tunayemzungumza.

Masimulizi ya Lamu juu ya vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, yanatuonyesha uzito wa neno kupwelewa. Jeshi la Mombasa na Pate lilipozidiwa likakimbilia vyombo vyake, likakuta maji yamepwa na vyombo vimekwama. Waliopwelewa waliuawa ufukweni. Neno moja limebeba saa, mahali, kosa la hesabu na msiba.

Basi tuulize: je, linalo pacha? Liko wapi neno la mtu ambaye maji yamemjalia asipoyatarajia, yakabaki? Kwa umbo, kujaa kungetupa kujaliwa. Lakini kujaliwa kumekwisha kutwaliwa na maana ya kupewa neema na Mungu. Hili si jambo la kuchekwa. Linaonyesha kwamba, katika mazoea ya lugha yetu, maji kujaa hakukuhesabiwa kuwa msiba. Maji yaliyojaa yaliinua vyombo, yalileta samaki, na baada ya saa sita yalirudi yalikotoka. Msiba ulikuwa kupwa. Kizazi chetu ndicho cha kwanza kuhitaji kinyume cha kupwelewa.

Watu wa pwani hawakungoja wataalamu. Husema "tumeingiliwa na bahari" na "shamba limeliwa na bahari". Maneno haya ni bora kuliko ya taarifa, kwa sababu yana mtu ndani. Lakini mhakiki asiyapokee bila kuyachunguza. Yanamrudisha aliyetendewa, kisha yanamtaja mtenda ambaye siye. Bahari haikujipandisha. Imepanda kwa kuwa dunia imepata joto na barafu inayeyuka, kutokana na mkaa wa mawe na mafuta yaliyochomwa zaidi katika nchi zilizotangulia kujenga viwanda. Sehemu ya Afrika katika moshi huo wa kila mwaka ni chini ya asilimia 4. Katika delta ya Tana kuna pia mtenda wa karibu, yaani mabwawa yanayoupa mji umeme. Usemi wa taarifa unawaficha wote wawili, mtenda na mtendewa. Usemi wa wenyeji unamwonyesha mmoja na kumficha mwingine nyuma ya wimbi.

Hata methali zetu zina sehemu katika ufichaji huo. Dau la mnyonge haliendi joshi, likienda joshi ni Mungu kupenda. Kwenda joshi ni kusogea dhidi ya upepo. Methali hii imeona sawasawa kwamba bahari moja haiwi bahari moja kwa mwenye jahazi na kwa mwenye dau. Lakini inamaliza kwa kumwachia Mungu jambo ambalo sehemu yake imo mikononi mwa binadamu. Uhakiki wa fasihi simulizi una wajibu wa kuisifu nusu ya kwanza na kuihoji nusu ya pili.

Bahari ya mfano na bahari ya kazi

Yaliyosemwa juu ya istilahi yanaugusa pia uhakiki wetu wa fasihi. Kwa muda mrefu tumewafundisha wanafunzi kuisoma bahari kama mfano: bahari ni dunia, chombo ni nafsi, dhoruba ni mitihani, bandari ni akhera. Usomaji huu una haki yake. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, inayotafakari magofu ya Pate, ni utenzi wa mawaidha, na mhakiki hawezi kuusoma bila maana hiyo. Vivyo hivyo Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776-1840) aliweza kuifanya habari ya chombo kuwa habari ya siasa.

Kasoro inaanza pale mfano unapokuwa ndiyo njia ya pekee. Mwanafunzi aliyezoea hivyo akikutana na kisima kilichoingia chumvi, atatafuta maana iliyofichika, na kisima akiache. Tunazo kazi zinazotuelekeza kwingine. Sambo ya Kiwandeo ya Ahmed Sheikh Nabhany, iliyochapishwa 1979, inaitaja sambo kama kitu kinachoundwa kwa mikono, kwa mbao na kwa zana, kila sehemu na jina lake. Kuli ya Adam Shafi, ya mwaka huo huo wa 1979, inaitazama bandari ya Unguja kutoka chini ya gunia, kwa macho ya wapagazi waliogoma 1948. Katika kazi hizo bahari ni mahali pa kazi. Mtu asiyejua bahari kama kazi hawezi kujua kazi ikipotea. Kwa hiyo twadai kwamba usomaji wa bahari ya kazi utangulie usomaji wa bahari ya mfano, usije nyuma yake kama nyongeza.

Mkimbizi ni nani?

Turudi Dagahaley, kwa neno ambalo ndilo sheria ya mahali pale. Mkimbizi ametokana na kukimbia. Anayekimbia ana anayemkimbiza. Umbo la neno limekwisha kumtaka mtu mwenye silaha nyuma ya mtu asiye nayo, na Mkataba wa 1951 unataka hivyo hivyo: mkimbizi ni aliye na hofu ya kuteswa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 ulipanua mlango, ukawapokea pia wanaokimbia matukio yanayovuruga vibaya utulivu wa nchi. Bahari inayopanda milimita chache kwa mwaka haivurugi utulivu wa nchi. Inavuruga utulivu wa nyumba moja, kisha ya pili. Mwananchi mmoja wa Kiribati aliyeomba hifadhi New Zealand kwa sababu ya bahari alikataliwa, na katika 2020 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa haikuubatilisha uamuzi huo, ingawa ilikiri kwamba siku moja hali kama hiyo yaweza kuzuia mtu kurudishwa kwao.

Katika 2011 waliokimbia ukame walipokewa Dadaab kwa sababu walitoka nchi yenye vita. Vita viliandikwa, ukame ukapita chini ya jina la vita. Usajili uliposimamishwa baadaye mwaka huo, na Wasomali walipoondolewa utaratibu wa kutambuliwa kwa jumla mwaka 2016, waliofika kwa ukame tu walibaki bila jina. Na bila jina hakuna kadi ya mgao. Kisomali hutofautisha qaxooti, mkimbizi aliyevuka mpaka, na barakacayaal, waliong'olewa makwao wakabaki nchini. Kiswahili kimetosheka na "wakimbizi wa ndani", neno linalosema kwamba hata hao walikuwa wakikimbizwa. Chozi la Heri ya Assumpta Matei, riwaya iliyotahiniwa katika shule za sekondari za Kenya, inawaeleza vizuri watu wa namna hiyo. Lakini wao wamekimbia watu.

Mkulima wa Ozi hakimbii. Anasogeza kibanda, anasogeza tena, kisha siku moja anahama. Viambishi vyetu vinaweza kuieleza tofauti hiyo kwa usahihi. Mhamaji anahama kwa desturi yake, kama mfugaji. Mhamiaji amehamia kwa hiari yake. Mhamishwa amehamishwa, na neno hilo halitulii mpaka tuulize: na nani? Hilo ndilo neno tunalolipendekeza.

Pingamizi moja

Wapo watakaosema kwamba istilahi ya sayansi haina kazi ya kulilia wanyonge. Kazi yake ni kutaja jambo moja kwa neno moja, lisilobadilika kutoka Lamu mpaka Lubumbashi. Pingamizi hili lina nguvu. Bila moyo huo Baraza la Kiswahili la Taifa, tangu 1967, lisingeweza kusanifisha chochote. Hatusemi kwamba taarifa ziandikwe kwa maneno ya nahau, wala kwamba kipimo kiachwe. Tunasema mambo mawili. Kwanza, "kupanda kwa kina" si sahihi hata kwa kanuni za sayansi yenyewe. "Kupanda kwa maji ya bahari" ni sahihi zaidi, na hueleweka Kipini. Pili, istilahi ikisha kutaja jambo, sentensi bado inangoja. Aandikaye "wanavijiji wameingiliwa na maji ya bahari yaliyopandishwa na joto la dunia" hakupoteza usayansi wowote. Amewarudishia kitenzi watu wake wote.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba lugha ya taarifa inamwondoa mtendewa, lugha ya wenyeji inamkosea mtenda, na uhakiki wetu umewazoeza wanafunzi kuiruka bahari ili waifikie maana. Dagahaley imetuonyesha gharama yake.

Kazi iliyo mbele yetu ni ya idara za lugha, wala haihitaji kungoja fedha za mbali. Nabhany aliwahimiza wataalamu waanze kutafuta maneno katika lahaja kabla ya kuazima. Maneno ya bahari ya Chimiini na Kibajuni yangali katika vinywa vya wazee waliotawanywa na vita, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye daftari anaweza kuyakusanya. Aanze na vitenzi. Aulize, kwa kila kitu ambacho maji hufanya, anaitwaje mtu aliyefanyiwa. Wazee hao wakiondoka, pale penye mawe yatabaki mawe, na pwani itaendelea kuandikiwa taarifa zisizo na watu.